Machweo ya Bluu ya Fundi Rangi

Mtaani walimwita Fundi Rangi, na wageni waliohamia karibuni walikuja kumwomba awapakie kuta. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaonyesha kibao kilichoning'inia juu ya vichwa vyao: studio ya picha. Jina hilo alilipata ujanani, picha zilipokuwa nyeusi na nyeupe, naye akiwatia maharusi wekundu mashavuni kwa brashi nyembamba kama unyoya. Kompyuta zilipoingia hakununa kama wenzake. Kwake yeye zilikuwa brashi zisizochakaa na rangi zisizokwisha.

Aliondoa makovu, alinyoosha kola, aliwafumbua macho waliopepesa. Bwana mmoja alimletea picha ya harusi amtoe mke, na mwaka uliofuata akarudi amrejeshe. Fundi alimrejesha, na kwa hisani yake akampunguza bwana harusi kitambi.

"Kamera inaona," alizoea kumwambia binti yake, aliyefanya kazi pamoja naye, "lakini haina adabu."

Siku moja aliingia mwalimu mkuu wa shule ya pale nyuma ya soko, mama asiyependa maneno mengi. Shule ilikuwa inaandaa maonyesho ya sayansi, naye alitaka picha mbili zichapwe kubwa, za kutundikwa ukumbini.

"Zimepigwa kwenye sayari ya Mirihi, fundi. Kuna kigari cha utafiti kinazunguka kule, ndicho kilichozituma."

"Dereva wake ni nani?"

"Hakina dereva."

"Na mpiga picha?"

"Hakuna. Kinapiga chenyewe."

Fundi Rangi alikunja uso. Simu zilishamnyang'anya nusu ya wateja, sasa hata magari yameanza!

Mwalimu alipoondoka, alizifungua kwenye kompyuta, akatikisa kichwa. Ya kwanza ilikuwa uwanda wa mawe chini ya anga ya rangi ya chai iliyobaniwa maziwa. Upeo umelala upande kama mlevi, na gurudumu la kigari chenyewe limejichomeka kwenye kona, kama yule mjomba asiyekosa kuingia kwenye picha za watu. Ya pili ilikuwa machweo. Jua lilikuwa dogo, limepauka, na pembeni yake pote palikuwa bluu.

"Bluu!" alisema peke yake. "Masikini. Safari yote ile, wakaja kuharibu rangi."

Binti yake alikuwa amekwenda kumuuguza shangazi, kwa hiyo hakukuwa na wa kumshika mkono. Fundi akajifungia kazini kwa raha zake. Alinyoosha upeo, akalifuta gurudumu, akaipa anga rangi yake ya haki, akaongeza na mawingu mawili mepesi. Machweo ndiyo aliyoyavalia njuga hasa. Aliyawasha kwa rangi ya chungwa, nyekundu na dhahabu, mpaka mwenyewe akashusha pumzi. Asubuhi ya maonyesho alizipeleka na kuzitundika kwa mikono yake, mwalimu mkuu akiwa bado getini anampokea mgeni rasmi.

Wazazi walizipenda kupita kiasi. Mgeni rasmi, ofisa wa elimu mwenye sauti ya kipaza sauti hata bila kipaza sauti, alisimama mbele ya mawingu akatamka, "Tazameni! Hata kule hali ya hewa ni nzuri." Watu wakapiga makofi. Mwalimu mkuu naye alipiga, meno nje, kisha akamvuta fundi nyuma ya ukumbi.

"Fundi, haya mawingu umeyatoa wapi?"

"Ya kwangu, Mwalimu. Sikukutoza."

"Na ile bluu ya machweo?"

"Niliitoa. Lilikuwa kosa la kamera."

"Halikuwa kosa! Kule mchana anga ni ya kahawia, na jua likizama panakuwa bluu. Ni lile vumbi lao."

"Mwalimu, mimi machweo nimeyapiga tangu sijaoa. Jua ni lile lile."

"Jua ni lile lile. Vumbi silo."

Fundi akaenda zake studio. Binti yake aliporudi kutoka kwa shangazi, fundi alimweleza yote, naye binti hakucheka, au alicheka kwa upole. Akamfungulia picha nyingine zilizotumwa na kigari, moja baada ya nyingine, na machweo yote yalikuwa bluu. Fundi alijiona kama mtu aliyemsahihisha mgeni matamshi, kumbe mgeni anasema lugha yake.

"Kwa hiyo nimeifanyia dunia matengenezo ambayo haikuyaomba."

"Si dunia, baba. Ni ile nyingine."

Alizichapa upya bila kugusa kitu. Vidole vilimwasha kwa ajili ya ule upeo ulioinama, ikabidi binti akikalie kipanya cha kompyuta. Picha mpya zikapanda ukutani siku ya wazazi kuja kuchukua ripoti, na hapo ndipo mambo yalipomharibikia.

"Fundi wa watu amezeeka."

"Machweo ya bluu! Wino mwekundu umemwishia."

Kinyozi wa jirani alikuja kumpa pole, akamtajia daktari mzuri wa macho. Bibi harusi aliyekwisha kumpa kazi alihamia studio nyingine, mama yake akieleza kwamba hawataki harusi yao itoke na uso wa samawati. Miaka yote aliyowaondolea watu makovu na vitambi hakuna aliyemshuku.

"Ndivyo jua linavyozama kule!" alimfokea kinyozi.

"Kwani umeshafika?"

Mwalimu mkuu alimhurumia. Alibandika karatasi chini ya picha: *Rangi hizi ni sahihi. Si kosa la fundi.* Watu waliisoma, wakatazamana, wakakubaliana kwamba mzee wa watu kaiomba mwenyewe.

Wiki chache baadaye dereva wa ofisa wa elimu alisimama mlangoni pa studio. Bosi wake anataka picha ya Mirihi ya kutundika ofisini. Fundi alimletea nakala ya ile ya kahawia, gurudumu likiwa konani, akiwa na furaha ya mtu aliyepata shahidi.

"Siyo hii," alisema dereva. "Ile nzuri. Yenye mawingu."

"Ile si ya Mirihi, kijana wangu. Ile niliitengeneza mimi, hapa hapa."

Dereva alitazama saa yake.

"Basi hiyo hiyo. Bosi hakusema lazima itoke mbali."

Fundi Rangi alimtazama binti yake, binti akatazama dari. Akaitoa nyuma ya mlango ilikokuwa imesimama imeviringishwa, akaifunga vizuri kwa karatasi na kamba, akamwonya dereva asije akaikunja penye mawingu.