Gari Lililokaliwa Kuliko Kuendeshwa

Nikimwambia mtu kwamba mimi nimewahi kuuza gari la Kimarekani, tena la zamani, la aina ambayo matajiri wanaitafuta kwa tochi mchana, kwanza hunitazama miguu. Akiona ndara, hucheka. Basi kaa nikueleze, na kama una haraka utanisamehe, maana shule niliishia darasa la tatu na kufupisha sikufundishwa.

Gari lenyewe lilikuwa na milango miwili tu, boneti ndefu kama meza ya karamu, injini ya silinda nane, na usukani upande wa kushoto. Lililetwa kwa meli na mzungu mmoja aliyekuwa na nyumba Diani, na mimi nilikuwa mtunza bustani wake. Alilipenda, lakini lilikuwa gari la chini mno na mgongo wake ulikuwa mbovu. Kuingia aliweza. Kutoka, mpaka tumvute mimi na mpishi. Mpishi huyo alikuwa mtu wa Msambweni, hodari wa samaki wa kupaka, ila alikuwa na mzaha usiojua mahali. Siku moja alimwachia katikati, mzungu akabaki nusu ndani nusu nje, tukacheka sote watatu mpaka chai ikapoa. Lakini sitaki kuingia kwenye habari za mpishi. Mzungu alipoamua kurudi kwao kabisa, aliniita akanipa funguo na karatasi zilizokwisha kuandikwa jina langu. Alisema bustani yake haikufiwa na mti hata mmoja mikononi mwangu, kwa hiyo na gari halitakufa.

Kumpa mtunza bustani gari la silinda nane, hadi leo sijui ni zawadi ama ni mtihani. Lilikunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka Kinango wakati wa ukame. Nililifikisha kwangu Bongwe, nikalijengea banda la makuti, nikalipandisha juu ya mawe ili matairi yasioze, na chini ya tumbo nikawa nalipaka mafuta ya nazi yaliyochanganywa na mafuta ya taa kwa sababu ya hewa ya chumvi. Mke wangu alisema gari linapakwa mafuta kuliko yeye. Hakukosea.

Halikuteremshwa kwenye mawe yale ila kwa jambo moja, kupeleka maharusi. Lilianza na binti ya dada yangu. Mlio wake ulitutangulia, kuku wakaruka juu ya mapaa, na jamaa wa upande wa bwana wakawa wamejipanga nje kabla hatujafika. Tangu siku ile hapakuwa na msichana wa Bongwe wala wa Ukunda aliyekubali kupelekwa kwa mume na gari jingine. Watoto wakalipa jina, Ngurumo.

Sasa fikiria bibi harusi na mavazi yake, na somo wake wa kumfunda, na shangazi wawili wenye miili yao, wote wapite nyuma ya kiti cha mbele kilichokunjwa. Kuingia tu ni shughuli. Safari yenyewe ni fupi, kijiji hiki hadi kile. Lakini kwetu bibi harusi hashuki garini hivi hivi. Akifika, anakaa kimya, na wanawake wake wanakataa kwa niaba yake mpaka upande wa bwana utoe cha kumshushia. Watatoa leso, zitakataliwa. Watatoa mbuzi, ataambiwa amekonda. Na nyimbo juu. Adhuhuri inawakuta mle ndani na alasiri inawakuta mle mle, mimi nimezima injini zamani, nimejilaza kwenye kivuli cha ukuta. Lishike hilo la kukaa, tutalirudia.

Mke wangu hakupata kupelekwa na Ngurumo. Yeye nilimwoa kabla, akaja kwangu kwa mguu kutoka nyumba ya tatu. Maishani alitaka jambo moja, Hija. Lakini kila alipoweka akiba ya mikeka yake, mara mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo, mara upepo umeng'oa bati, akiba ikaenda huko. Hakulalamika, na mimi nikachukulia kwamba asiyelalamika hana haraka. Mpaka wenzake wa darsa la msikitini walipoanza kujiandikisha. Alirudi jioni ile, akakaa barazani, akajipapasa magoti.

"Bado yanapanda ngazi," aliniambia. "Mwakani sijui."

Yeye akalitazama lile banda.

"Gari hilo limewapeleka wanawake wote wa hapa kwa waume zao. Mimi na linipeleke kwa Mola wangu."

Mkwe wangu akalipiga picha akazitia mtandaoni, na simu zikaanza. Mtu wa Kibuyuni alitaka kujua kama injini ile itavuta mashua iliyojaa mwani. Mwingine alitaka buti peke yake, sikumuuliza ya nini. Kijana mmoja wa Ukunda hakuniamkia hata, alianza tu, "Mzae, last price?" Nikamwambia bei ya mwisho ni shikamoo, akakata.

Hatimaye akapiga mtu wa Nairobi, mkusanyaji wa magari ya zamani, mtu wa makamo. Tulizungumza bei tukaelewana, bei ya kumfikisha mke wangu Makka na kumrudisha. Akaja mwenyewe pamoja na fundi wake. Aliamkia vizuri, akavua viatu barazani bila kuambiwa, nikasema moyoni huyu ni mtu. Nikatia ufunguo. Ngurumo aliitika mara moja, mbuzi wa jirani wakakata kamba, na yule bwana akafumba macho kama mtu aliyeonja kitu cha utotoni.

Fundi ndiye hakufumba macho. Alitazama mita, maili zilikuwa chache mno. Akapitisha kichwa nyuma, akakitazama kiti cha nyuma, akapiga mluzi.

"Mdosi, hii imechezewa," alisema. "Cheki hiyo siti."

Na kweli kiti kile kilikuwa kimedidimia kama kitanda cha mgonjwa, springi zimelala, ngozi imepauka. Fundi akaeleza kwamba gari la maili zile haliwezi kuwa na kiti kile; kwa vyovyote lilikuwa teksi ya watalii huko Diani, na mita ikarudishwa nyuma. Tajiri wake akanigeukia, hakunitukana, alisema kwa upole kabisa kwamba atalichukua, ila kwa nusu ya bei tuliyozungumza.

Nusu. Hakuna nusu ya Hija. Hakuna ndege inayokushusha njiani ikakwambia hapa ndipo pesa zako zilipoishia. Na juu ya hilo nilikuwa nimeitwa mwongo uani kwangu, mbele ya mke wangu aliyesimama mlango wa jikoni. Nikawaeleza habari za maharusi, na fundi akanipa lile tabasamu ambalo vijana huwapa wazee. Nilipogeuka, mke wangu hayuko, ametoka kwa mlango wa nyuma. Nikajua amekwenda kulia.

Kumbe amekwenda kupita nyumba hadi nyumba. Chai ya wageni haijapoa, ua ukajaa leso za kila rangi. Mbele alikuwa mama mmoja mwuza mahamri, ambaye siku hizi akipanda tuktuk dereva huwaomba wengine wangoje ya nyuma. Alilizunguka gari akalipiga kofi la mapaja, kama umpigavyo ng'ombe wako.

"Humu nilikaa nikakosa sala mbili," akawaambia wageni, "kwa sababu mjomba wake mume wangu alileta mbuzi kiwete."

Mwenzake akaingiza mkono dirishani, akaonyesha ubavuni alama nyekundu ya kiganja. Hina yake siku ile ilikuwa haijakauka. Akaweka mkono juu ya alama, na mkono ukapita pembeni kote kwa unene, wakamcheka, wakasema alikula nini huko kwa mume. Mwingine alisema hapo kushoto ndipo somo wake aliposinzia, akamwegemea mpaka ganzi. Kila mmoja na pake, na alasiri yake, na mbuzi wake. Hata mimi mengine nilikuwa siyajui, nilikuwa nimelala kivulini.

Fundi hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa amekwisha kusema mbele ya tajiri wake, na kurudi nyuma ni kazi.

"Mama, nawaheshimu," alisema, "lakini hii siti inasema teksi."

Mwuza mahamri akamtazama kwa huruma.

"Kama lilikuwa teksi, mwanangu, dereva wake alikuwa akikaa hewani?"

Fundi akainama upande wa usukani. Kiti cha dereva kilikuwa kimejaa vile vile kilivyotoka kiwandani. Akagusa pedali ya breki, akapitisha kidole gumba kwenye mpira wake, na mistari yote ilikuwepo, imesimama, haijaliwa na kiatu. Alikaa hapo ameinama kidogo. Alipoinuka alikuwa anacheka peke yake.

"Mdosi, nimekosea. Hii gari imekaliwa. Haijaendeshwa."

Vigelegele vilivyopigwa, nadhani Tiwi walisikia. Lakini tajiri ni tajiri. Alikubali maili, akaniomba radhi kwa mkono, kisha akasema haya, maili ni za kweli, ila kiti nacho kitahitaji kufumuliwa na kushonwa upya, kwa hiyo nimpunguzie kidogo tu. Na ili aone ubovu wake, akakunja kiti cha mbele, akaingia nyuma mwenyewe, akakaa akijibonyezabonyeza.

Mke wangu akalisogelea gari, akakirudisha kiti cha mbele mahali pake, akaketi, akapanga leso yake magotini.

"Mama, samahani," yule bwana alisema baada ya muda. "Nashuka."

"Aliyekaa hapo hashuki mpaka upande wa pili utoe."

Alisema bila kugeuza shingo. Wanawake wakaanza wimbo ule ule wa kukataa, na makofi. Mimi nikaona haya, nikamwambia mke wangu ampishe mgeni, watu wasije wakasema tumemfungia. Akanijibu, mlango si huo, uko wazi. Na kweli ulikuwa wazi, ila yeye ndiye aliyekuwa njiani. Nyuma tukasikia kicheko. Yule bwana alicheka mpaka akavua miwani akafuta machozi, akauliza anatakiwa kutoa nini.

"Bei yetu nzima," alisema mke wangu. "Na kiti usikiguse."

"Bei nimeelewa. Kiti kwa nini?"

Akajibu yule mwuza mahamri, "Sisi sote tumo humo."

Bwana yule aliulaza mkono juu ya ngozi iliyopauka, na nafikiri ndipo alipoelewa ananunua nini. Akautoa mkono dirishani, nikaupokea. Bei nzima. Mke wangu akashuka taratibu, kama aliyefika.

Nililiendesha mwenyewe hadi barabara kuu, lilikokuwa likingoja lori la kubebea magari, na maharusi wa zamani wakitufuata nyuma kwa miguu wakiimba. Sikulia. Watu husema nililia, ni vumbi. Baadaye yule bwana alituma picha: Ngurumo amesimama kwenye sakafu ya vigae, anang'aa, na kiti cha nyuma ni kile kile, kimedidimia.

Pesa zilitosha Hija ya mmoja, na huyo mmoja alikuwa anajulikana. Siku ya safari tulimpeleka uwanja wa ndege Mombasa kwa gari la kukodi lililokohoa kwenye kila tuta. Tukafika mlangoni, wenzake wa darsa wamekwisha kusimama kwa mstari, wamevaa nyeupe tupu, wanamwita. Hakushuka.

"Mama, tumefika," nikasema.

"Nimeona."

Nyuma magari yanapiga honi. Dereva ananitazama kwenye kioo. Nikaelewa, nikaanza kujipapasa mifukoni, nikakuta tasbihi na ganda la ndizi nililokosa pa kulitupa.

"Wataka nini?"

"Radhi yako."

"Unayo. Unayo yote, tangu siku uliyokuja kwangu kwa mguu."

"Sema dereva asikie."

Nikasema kwa sauti, dereva akasikia, na askari wa mlangoni akasikia. Mke wangu akakusanya vazi lake jeupe, akashuka, akaenda zake kwa wenziwe. Pale mbele palikuwa na ngazi. Magoti yale yakazipanda zote, bila kushika ukuta.