Mama Desibeli na Redio Zote za Fundi

Mama mdogo wangu analipwa kunyamazisha watu, na mji mzima hauna mtu mwenye sauti kubwa kumshinda. Akiniita kutoka jikoni kwake, majirani wa mtaa wa nyuma wanaitika kwa niaba yangu. Kengele ya shule ilipoharibika, watu walitaka aazimwe yeye mpaka fundi apatikane, na hawakuwa wanatania sana.

Baraza la mji lilimpa vesti ya njano, kipima kelele kinachofanana na rimoti iliyovishwa kofia ya sponji, na cheo kirefu ambacho hakuna aliyewahi kumaliza kukitamka. Sisi tunamwita Mama Desibeli. Akiwepo tunasema "mamdogo", au hatusemi kitu, tunapunguza sauti tu.

Kazi yake ni sheria tatu zilizobandikwa kwenye lango la soko. Ya kwanza ni kelele, hiyo mnaijua. Ya pili ni moshi: ukikamatwa na sigara ndani ya soko unafagia soko Jumamosi asubuhi, ukiwa na vesti ya pinki iliyoandikwa mgongoni NILIVUTA SOKONI. Hiyo vesti aliibuni mwenyewe, na herufi akataka ziwe kubwa ili hata aliyesahau miwani nyumbani afaidi. Ya tatu ni ya mtu aliyezidiwa, yaani akili ikimgeuka hadharani. Aitwe kwanza nesi wa afya ya akili kutoka zahanati, watu wakae mbali, mtu asifungwe kamba, na polisi waje tu kama kuna silaha. Ya tatu hakuna aliyeisoma. Ilikuwa chini kabisa, na juu yake kuna mjanja alibandika tangazo la dawa ya kuotesha nywele.

Kwenye kelele mamdogo ana mtindo wake ambao hakufundishwa na mtu. Hakimbilii faini. Anamshika mkosaji mkono, anampeleka kwa aliyelalamika, anamkalisha palepale kelele zinapofikia, anamwambia, "Kaa hapa usikie anachosikia mwenzako." Mwenye baa alikalishwa juu ya kitanda cha bibi mmoja mjane, mchana kweupe, muziki wa baa yake ukifunguliwa makusudi. Alikaa pale amebana magoti kama kijana aliyekwenda ukweni mara ya kwanza, huku bibi akimwonyesha meno yake ya bandia yanavyocheza ndani ya glasi. Jioni hiyo spika zote za baa zilikuwa zinatazama ukuta.

Mume wake, bamdogo, ana cherehani yake hapohapo sokoni. Sigara ameacha kwa mdomo tu. Alishakamatwa na mke wake mwenyewe, akahukumiwa vesti ya pinki kama raia yeyote, na kabla ya kwenda kufagia aliibana kiuno ili imkae vizuri. Baada ya hapo akatangaza kwamba sasa ameacha kweli. Sote tulimpongeza, tukamtazama akielekea chooni mara kwa mara kuliko mtu mwenye kisukari.

Sasa Fundi Redio. Kibanda chake kinatazamana na meza yangu ya vifuniko vya simu. Ni mkimya, anatengeneza redio ambazo wenyewe walishazitupa, na anavaa mikono mirefu hata jua likiwa linakaanga watu. Sababu ya mikono mirefu tunaijua wote. Alipozidiwa mara ya kwanza, sheria ya tatu ikiwa haijapitishwa, watu walimfunga kamba, wakamrusha nyuma ya pikapu kama kiroba, na kamba ile ilimwachia makovu kwenye vifundo vyote viwili vya mikono. Aliporudi alikwenda nyumbani kwa mamdogo. Alimwomba jambo moja tu: "Mama, nikizidiwa tena, usiwaache wanifunge." Mamdogo akamwahidi. Nilikuwepo nakula, na nilisikia, maana hata ahadi ya siri mamdogo huitoa kwa sauti ya mkutano.

Basi siku moja asubuhi soko limejaa, Fundi akawasha redio zote. Zote kabisa, kila moja stesheni yake, sauti mpaka mwisho: mahubiri, mpira, bei za mazao, mapenzi yaliyovunjika, matangazo ya sabuni, yote kwa pamoja. Yeye kasimama katikati anatetemeka, jasho linamtoka, mkononi kashika kile chuma cha kuchomelea nyaya, na anapayuka maneno ambayo hata angeyasema polepole tusingeyaelewa. Mimi nikampigia nesi. Akasema yuko ng'ambo ya mji anachoma mtu sindano, anakuja na baiskeli yake.

Muuza magodoro, jirani wa kibanda cha pili, yeye alishawapigia polisi. Akawaambia kuna mwendawazimu ana silaha. Halafu akaingia ndani akatoka na kamba yake ya kufungia magodoro juu ya magari, ameikunja vizuri begani, uso umemng'aa kama mtu aliyesubiri siku hii muda mrefu. Vijana wa mizigo wakaanza kumzunguka wakisubiri amri.

Mamdogo akafika. Kipima kelele chake kikaonyesha namba ambayo sidhani kama waliokitengeneza waliitarajia. Akakizima, akakitia mfukoni, akampita muuza magodoro bila salamu, akaingia kibandani na kukaa chini juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Mimi nilikuwa mlangoni, nikasikia. Hakumwambia azime. Alimuuliza kwa nini amewasha.

"Nikizima wanaanza kunisema," Fundi akasema. "Wako humo ukutani."

"Basi acha nikae na mimi nisikie."

Akakaa. Kichwa ameinamisha kule ukutani, anasikiliza kweli, kama anavyowasikilizisha wenye baa. Nje watu wanasukumana. Mwisho akamwambia, "Mwanangu, mimi hao siwasikii, sitakudanganya. Ninachosikia ni hizi redio, na hizi peke yake zinatosha kumchosha mtu. Umechoka?"

"Nimechoka sana, mama."

"Nesi yuko njiani. Hakuna atakayekufunga. Hicho chuma nipe mimi nikushikie."

Akampa. Kisha akaomba sigara. Sigara, ndani ya soko, kwa Mama Desibeli. Nikasema moyoni, hapa sasa ndiyo tumekwisha.

Mamdogo akageukia mlango. "Baba watoto, leta hiyo iliyo kwenye soksi."

Soko zima likamgeukia bamdogo. Masikini, alikuwa amejificha nyuma ya mama muuza nyanya. Akainama, akavuta soksi ya kushoto.

"Ya kulia," mamdogo akasema. "Za kushoto ulizimaliza jana."

Watu walicheka mpaka wale vijana wa mizigo wakasahau walichokuja kufanya. Bamdogo akapeleka pakiti kwa heshima zote. Fundi akawasha, na mamdogo akamwomba wazime redio moja moja, yeye Fundi akichagua ipi. Walikuwa wameshazima kadhaa pale polisi wawili walipotokea, na muuza magodoro akawapokea na kamba yake, akiwaonyesha njia kama mwenyeji wa sherehe.

Mkubwa wao akauliza silaha iko wapi. Mamdogo akanyoosha kile chuma mlangoni.

"Ndiyo hii. Uliza imechomekwa wapi."

Polisi akafuata waya kwa macho. Ulikuwa unaning'inia hewani. Soketi zote zilijaa redio. Chuma chenyewe kilikuwa baridi kama kijiko. Lakini muuza magodoro hakukubali kushindwa kirahisi, akasema mwendawazimu ni mwendawazimu tu, afungwe kabla hajaua mtu, sheria gani inakataza.

Mamdogo akamtazama Fundi, akamwambia taratibu, "Ziba masikio kidogo, nataka kuongea na hawa." Fundi akaziba. Ndipo mama yule, akiwa amekaa kwenye ndoo, akaitamka sheria ya tatu yote kwa kichwa, mwanzo mpaka mwisho, juu ya redio zote zilizobaki. Aliposema "asifungwe kamba", waliokuwa upande wa samaki waliacha kupara. Mpaka leo muuza mboga wa kule mwisho anaweza kukutajia kipengele kwa kipengele, na hajawahi kufika langoni kusoma chochote.

Polisi mkubwa akamwambia muuza magodoro airudishe kamba kwenye magodoro yake. Kisha wakasogeza watu nyuma, na lazima niseme walifanya vizuri. Nesi akafika anahema, akaegemeza baiskeli kwenye meza yangu, akaingia. Baadaye wakatoka wote watatu kwa miguu: nesi, mamdogo, na katikati Fundi amekumbatia redio moja ndogo iliyokuwa inatangaza mpira, ambayo aliomba isizimwe. Mikono yake ilikuwa huru. Goli lilifungwa walipopita langoni, na watu wawili watatu wakamuuliza nani kafunga. Akawajibu.

Kesho yake muuza magodoro akaenda baraza la mji kushitaki kwamba afisa wa moshi amegawa sigara sokoni. Si uongo. Katibu akamwita mamdogo, akajaribu kumtafutia njia ya kutokea, mamdogo akakataa njia zote, akauliza Jumamosi aanzie upande gani.

Jumamosi nilikuwa pale na simu yangu imejaa chaji. Vesti ya pinki ya mamdogo ilimbana vibaya kwa sababu ndiyo ileile aliyoipunguza bamdogo. Bamdogo naye alikuwa na yake, anafagia nyuma ya mke wake anahesabu dhambi. Zikapita Jumamosi kadhaa, kwa maana katibu alimpa adhabu ya kiongozi, siyo ya mlei.

Jumamosi ya mwisho Fundi akatokea. Amepungua mwili, macho yametulia, anakwenda zahanati kila wiki na hafichi. Alisimama akawatazama wale wazee wawili wa pinki.

"Sigara nilivuta mimi," akasema. "Vesti yangu iko wapi?"

Mamdogo akamwambia aende kupumzika, hajapona vizuri. Fundi akasema kwani mvutaji aliyeumwa sheria haimhusu? Mamdogo akavua vesti yake akampa, na hilo peke yake nilipaswa kulirekodi.

Fundi akaivaa. Akachukua fagio, akakunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko, mbele ya muuza magodoro na kila mtu. Makovu ya zamani yalikuwepo. Mapya hayakuwepo. Akaanza kufagia, na mamdogo, kutoka upande wa pili wa soko, akampigia kelele kwamba ameruka kona.