Kioo cha Mama Kadi

Mtaani wanamwita Mama Kadi kwa sababu kadi za harusi za watu wote hutoka mezani kwake. Siku kioo cha laptop yake kilipojaa mistari kisha kikawa cheusi tii, mumewe alitoa hukumu bila hata kunyanyuka kwenye kochi.

"Hiyo imeshakufa, mama watoto. Tupa, tununue mpya."

"Mpya ya nini? Feni naisikia inazunguka. Kilichokufa ni kioo tu."

"Tangu lini umekuwa fundi?"

Mama Kadi akichokozwa hajibu, anatenda. Alichukua waya, akachomeka ncha moja kwenye laptop na nyingine kwenye televisheni ya sebuleni. Mpira aliokuwa akiutazama mumewe ukatoweka. Pale walipokuwa wachezaji ikatokea kadi ya bibi harusi, maua yote yametulia, mstari hata wa dawa hakuna.

"Imekufa hiyo?" aliuliza kwa upole wa kuudhi.

Mumewe alitazama saa. "Sasa utamaliza saa ngapi?"

"Nina harusi tatu hapa, baba. Wewe pumzika."

Wiki nzima sebule ikawa ofisi, na kila mgeni aliyeingia alitoa maoni yake kuhusu rangi ya maua. Asubuhi ya siku ya fainali, Mama Kadi alimkuta mumewe mlangoni, viatu mguuni, laptop kwapani.

"Unakwenda kuitupa?"

"Naipeleka kwa fundi abadilishe kioo," alisema akitazama pembeni. "Nitakaa hapohapo mpaka amalize."

Mama Kadi akamfungulia mlango. "Mwambie asihangaike sana. Mimi nimeshazoea kioo kikubwa."