Daraja Nililosema Halitapigwa

Huku ugenini, kwenye mgahawa wa Dengfeng tunakokula ugali mchana, wenzangu waliniita jenerali. Walikuwa wananitania, lakini mimi nikavimba kichwa kabisa. Kazi yangu ni kusafirisha mizigo, ofisi ipo Tianxiu, na mtu wa mizigo ukimuuliza barabara yoyote ya kwetu atakujibu, hata kama hajawahi kuikanyaga. Ndivyo tulivyo. Ukisita tu, mteja anahamia ofisi ya jirani.

Basi vita vilipozuka nchi jirani na kwetu, ndege za serikali zikaanza kuushambulia mji ulioshikwa na waasi, nami nikajitosa mzima mzima. Simu naiegemeza kwenye chupa ya pilipili, nafungua ramani, nafundisha. Hawa marubani wanapiga ovyo, nikasema. Leo kambi, kesho bohari ya mafuta, keshokutwa kambi ileile tena. Vita gani hivyo, bwana!

"Si uwapigie simu, jenerali?" wakanicheka.

Nikawajibu kwamba wangenisikiliza mimi, mji ungeshaanguka zamani.

Meza ya pili alikaa mteja wangu, dada wa mji huohuo, aliyekuwa akinunua nguo soko la Shahe. Marobota yake yalikuwa yameshafika mpakani, na kaka yake alitakiwa avuke daraja la kutokea mjini kwenda kuyapokea. Akanigeukia, akaniita kaka kwa Kiswahili cha kwao. "Yaya, daraja hawatalipiga?"

Laiti ningekuwa na tonge mdomoni! "Halipigwi," nikasema. "Jeshi lao litapita hapohapo likiingia mjini. Nani akate njia yake mwenyewe? Mwambie avuke."

Alinishukuru sana. Akampigia palepale, nikamsikia akirudia maneno yangu yote, mpaka lile la jeshi kuingia mjini. Nilijisikia mtu wa maana.

Asubuhi iliyofuata walilipiga. Nilikuwa Shahe nikisimamia marobota yafungwe, picha ikaingia kwenye simu: daraja limekatika katikati. Nikaanza kutafuta nilikosea wapi. Labda jeshi limeamua kuuzingira mji badala ya kuuingia. Labda wanawazuia waasi wasipate silaha. Mungu anisamehe, nilisimama pale dakika nzima nikiwaza mbinu za vita, na nikaziona nzuri. Ndipo nikamkumbuka kaka wa yule dada.

Simu yake haikupatikana siku mbili. Siku ya tatu maiti yake ikaopolewa mtoni.

Tulikwenda msibani, chumbani kwa yule dada, Xiaobei. Nilibaki karibu na mlango, nikingoja anitukane, na naapa nilitaka anitukane, anifukuze mbele za watu. Nilimwogopa mwanamke yule kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu. Lakini aliponiona alisogea kwenye mkeka, akanionyesha nikae kando yake.

"Yaya, umekuja," akasema. Macho yalikuwa yamevimba. "Mama amebaki peke yake mjini. Majirani wanakimbilia milimani, na yeye miguu haimbebi vizuri. Akae ndani ao akimbie? Ndege zitarudia mtaa wetu?"

Wenzangu wa mgahawani walikuwepo wote, na hakuna aliyeniangalia. Nikamwambia dada, mimi nasafirisha mizigo tu, mambo haya siyafahamu. Akatikisa kichwa, akadhani namficha kitu kibaya.

"Niambie tu, wewe unajua," akasema, akanisogezea simu mdomoni. Mama yake alikuwa upande wa pili, anasikiliza.