Mwaka Tuliotafuta pa Kukaa

Mwaka ule macho ya mume wangu yalipoanza kumwacha, tulilala chini ya mapaa matatu. Nikiikumbuka sasa, miezi ile hunijia kama vitu vinavyoonekana nyuma ya pazia jepesi. Vipo na vina rangi, lakini kingo zake zinachezacheza.

Alikuwa dereva wa lori. Kwa zaidi ya miaka ishirini alibeba kahawa na mbao kati ya Bwera na Kampala, nami nilimngoja katika chumba chetu cha kupanga pale Bwera, nyuma ya barabara ya sokoni, nikishona sare za shule. Kisha akaanza kugonga vitu vya pembeni: mlango, ndoo, bega la mtu. Daktari alimtazama kwa muda mrefu, akasema ni presha ya macho. Nuru iliyokwisha kupotea haitarudi, na hiyo iliyobaki itasaidiwa na dawa ya matone, kwa muda ambao hakuutaja.

"Ila kuendesha gari, mzee, basi," akasema.

Mume wangu alishukuru kwa adabu. Jioni ile alimpelekea tajiri wake funguo za lori, akarudi kwa miguu, kofia yake ya sala mkononi, kama mtu aliyetoka kuzika.

Kila mtu aliona kwamba Bwera haikumfaa tena. Bodaboda hutokea kila upande, na malori hujipanga kungoja mpaka wa Kongo ufunguliwe. Binti yetu, ambaye ni mwalimu, ana nyumba pembezoni mwa Kasese, upande wa njia ya Kilembe. Kaka yangu analima Kitswamba, na alikuwa na chumba kisicho na mtu.

"Mama, pale Bwera hata mwenye macho anagongwa," binti yangu aliniambia. "Njooni kwangu, au nendeni kwa mjomba. Chagueni."

Mume wangu alinigeukia. "Chagua wewe," akasema. "Mimi nitafuata sauti yako."

Nilichagua Kitswamba, tena upesi mno. Nilizaliwa huko. Miaka yote ya kushona katikati ya honi na vumbi, nilikuwa nikijiona nimesimama kwenye mahindi yenye umande, miguu mitupu, bila mtu wa kuniita. Nilijiambia kwamba namchagulia yeye utulivu.

Kaka yangu ni mzee wa kanisa, lakini alimfagilia shemeji yake mahali pa kusalia, akaweka jiwe kuonyesha upande wa kibla. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka milimani ukatembea polepole juu ya mashamba ya pamba, na moshi wa jikoni ukaingia ndani yake, usijue upi ni upi. Wakati ule mume wangu alikuwa amebaki na nuru ndogo katikati ya jicho, kama anayechungulia kwenye mrija. Kila alipoamka aliuliza, "Milima iko?"

"Ipo," nilimjibu. "Leo imevaa wingu mpaka kiunoni."

Alicheka kidogo, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, na mimi nikaenda kupalilia. Nilikuwa na furaha. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu furaha yenyewe ndiyo iliyonifanya nisimwone. Alikaa pale mlangoni asubuhi hadi jioni, mikono juu ya magoti, kama abiria ambaye gari lake halijafika.

Mchana mmoja nilirudi nikakuta kiti kitupu. Chooni hakuwepo, wala kwa jirani. Kaka yangu na mimi tuliingia kwenye mahindi, yaliyokuwa yametupita urefu, tukaita. Upepo ulivuma, majani yakasema shaa, shaa, sauti zetu zikapotelea humo humo. Tulizunguka mpaka gauni langu likalowa jasho. Tulimkuta katikati ya shamba, ameketi chini, viatu amevivua na kuvipanga vizuri kando yake.

"Nilisikia mnaita," akasema. "Sikujua ni wapi. Hapa kila upande inasema kitu moja tu."

Hakulalamika. Kaka yangu alimshika mkono akamtoa. Nami nilibeba viatu nyuma yao, nikilia bila kutoa sauti ili asinisikie. Nadhani alinisikia.

Tukahamia kwa binti yetu, Kasese. Nyumba yake ilikuwa safi, yenye ukuta na geti, na majirani wote wana ukuta na geti. Asubuhi wote waliondoka kwenda kazini, na mtaa ukabaki kimya chini ya jua kali, kama chumba cha mgonjwa. Hata kuku walitembea taratibu. Binti yangu alifunga kamba kutoka mlango wa jikoni hadi chooni, kwa upendo mwingi, ili baba yake aishike asipotee. Mume wangu aliijua njia ile kwa siku mbili.

"Nimekuwa mbuzi," akasema siku ya tatu akicheka, mkono kwenye kamba.

Binti yangu aliingia ndani akafunga mlango wa chumba chake. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, akatupakulia chakula.

Huko Kasese mume wangu alianza kunisimulia ndoto zake. Ndotoni aliona kila kitu: barabara nyeupe ikipanda, nyati na twiga wakivuka mbele ya lori ingawa kwetu hakuna twiga, mimi nikiwa kijana nimevaa kitenge cha njano. Alisimulia asubuhi, taratibu, na akimaliza hakuwa na jambo lingine la kusema mpaka jioni. Ile nuru ya kwenye mrija ilikuwa imebaki ukungu tu. Nilianza kuogopa kwamba atahamia ndotoni kabisa, aniache mimi kwenye nyumba yenye geti.

Dawa ya matone ilipokwisha, tulirudi Bwera kumwona yule daktari. Ilikuwa siku ya soko. Tuliposhuka kwenye gari nilimshika mkono kwa nguvu, maana pikipiki zilikuwa zikipita hadi upepo wake unatikisa nguo. Alisimama. Akainua uso. Halafu akatoa mkono wake kwenye wangu.

"Ngoja," akasema.

Alianza kutembea, polepole, bega karibu na ukuta wa maduka. Alipofika kwenye harufu ya chapati aligeuka kushoto. Wanaobadilisha pesa walikuwa wakiita bei zao kama kawaida, naye akazifuata sauti zao hadi mwisho wa safu. Kijana wa bodaboda alizima injini ili apite. Mama wa Kikongo anayeuza samaki waliokaushwa alisimama akasahau mteja wake, akamwita baba dereva kwa lugha ya kwao.

"Papa chauffeur! Uko wapi siku yote hii? Batu beko nasema ulikufa."

"Bado," mume wangu akajibu. "Nilikuwa kwa mahindi."

Mama yule alicheka akampigapiga begani. Nilifumba macho pale nilipokuwa, nijaribu kusikia anachosikia. Kwanza ilikuwa kelele tupu. Kisha zikaanza kuachana: mafuta yanachemka kulia, muadhini anakohoa kwenye kipaza sauti kabla ya kuanza, lori linashusha pumzi upande wa mpaka, cherehani ya mtu nyuma yangu. Kila kitu kilikuwa na mahali pake. Nilipofumbua macho alikuwa amefika kwenye ule uchochoro wetu wa zamani, amekaa kibarazani.

Niliketi karibu naye.

"Unataka kurudi hapa," nikasema.

"Sijasema hivyo."

"Umesema tangu tuliposhuka."

"Wewe unapenda shamba."

"Napenda."

"Sasa?"

Nilikuwa na hasira, ingawa sikujua na nani. Nilikaa mpaka hasira ikapoa, na chumba chetu kilikuwa kimekwisha kupata mpangaji, kwa hiyo tukauliza cha nyuma yake. Kilikuwa kidogo zaidi, chenye dirisha moja. Tulikichukua.

Binti yetu hakuzungumza nasi kwa wiki tatu. Baadaye alikuja, akatembea na baba yake hadi msikitini, akarudi, na tangu hapo hajarudia maneno ya kuhama. Mimi hupanda gari kwenda Kitswamba wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, majuma mawili kila mara, na yule mama wa samaki humwangalia mume wangu. Huko shambani mimi hulala usingizi mzito kuliko wa Bwera. Siku ya kuondoka huwa nashindwa kuaga vizuri.

Nuru yake imekwisha yote sasa. Mara moja pikipiki ilimgusa mguuni, na kovu lipo. Lakini wagonjwa wanaovuka kutoka Kongo hushuka bila kujua hospitali iko wapi, na watu wamezoea kuwaelekeza kwake, kwa kuwa anazungumza lugha zote za barabarani. Juzi nilimwona kutoka dirishani akiwa na mwanamke kijana aliyebeba mtoto mwenye homa. Mwanamke alikuwa akimtazama usoni kwa mashaka, akiona hali ya macho yale.

"Iko karibu, mama," mume wangu alimwambia. "Kuja, tutaenda pole pole."

Akatangulia.