Maji ya Kisima na Damu ya Mama Mbuyi

Nakumbuka asubuhi moja hapa chuoni Kasapa, mwaka wangu wa kwanza wa uzamili. Nilirudi masomoni nikiwa tayari na mvi. Niruhusu basi, wewe unayeanza maabara leo, nikuite mwanangu.

Nilikuwa nikijaribu kihisio cha grafini, utando wa kaboni mwembamba mno, kinachopima ioni za potasiamu katika tone la damu. Ioni hizo zikizidi, moyo huweza kusimama. Mama Mbuyi, muuza vitenge wa mtaa wa Kamalondo mwenye figo dhaifu, alijitolea kupimwa. Kihisio changu kilionyesha yuko salama. Nikamwambia kwa furaha, naye akaahirisha kwenda hospitali ili apeleke kwanza mzigo wake Kipushi.

Kesho yake Papa Ilunga, fundi wa maabara, alifungua daftari langu.

“Tangu juzi courant haiko,” akasema taratibu. “Ile maji ya kutengeneza vipimo ya kulinganisha ulitoa wapi?”

Nilikuwa nimeyachota kisimani, kwa kuwa mtambo wetu wa kukeneka maji, kuyasafisha kwa mvuke, ulizimika pamoja na umeme. Maji ya kisima yana madini yake, potasiamu ikiwemo. Yaliharibu vipimo vya kulinganishia, vile vimiminika vya kusawazishia kihisio, na damu ikasomeka chini ya ukweli. Daftarini niliandika, kama kila siku, maji yaliyokenekwa.

“Kukosa courant haiko kosa yako,” akasema. “Kuandika bongo, kudanganya daftari, ile iko yako.”

Nikaanza kutafuta namna ya kumweleza mama yule bila kujiaibisha, nikipanga sentensi na kuipangua, hadi Papa Ilunga akanisogezea simu. Nilipompigia kumwambia aende hospitali, Mama Mbuyi alikuwa garini tayari, mzigo umepakiwa.

“Eh, docteur ya karatasi,” akanicheka. “Jana niko muzima, leo niko mugonjwa?”

Nikamwambia kwamba niliandika uongo. Nikamsikia akimwambia dereva ashushe vitenge.

Hospitali walikuta potasiamu imepanda kiasi cha kutisha, wakamtibu siku hiyohiyo. Mwezi uliofuata alikuja mwenyewe, akanyoosha kidole nikitoboe. Nikaandika kwanza daftarini maji yalikotoka, kisha nikakitoboa. Safari hii, kwa maji yaliyokenekwa kweli, kihisio kilikubaliana na hospitali.

Mwanangu, naamini kifaa hiki kitafika katika zahanati zisizo na maabara, na huenda wewe ndiye utakayekifikisha. Kwa hiyo andika ulichofanya, hata kama si ulichotakiwa kufanya. Ukikosea, mwambie kwanza yule ambaye mwili wake uko hatarini. Aibu yako itangoja. Mungu akutulizie mkono, na akuwekee karibu watu wasioogopa kukuuliza.