Mwandiko Uliomrudia Waya

Shangazi yangu, ambaye sisi Wajaluo tunamwita waya, alifundisha chekechea Ndhiwa mpaka akastaafu. Mwandiko wake ulipendwa sana. Mwenye harusi, mwenye ubatizo, wote walimpelekea kadi awaandikie. Kisha kiharusi kikampata, mkono wa kulia ukalala. Kula kwa kushoto alijifunza, lakini kuandika alikataa katakata.

"Nikiandika na huu, utadhani kuku amepita," alisema.

Mimi nina duka la kuchapisha hapa Migori. Siku moja alipotoka kliniki aliketi nami nikitengeneza kadi za watoto wa chekechea wanaohitimu. Akaitazama skrini, akakunja uso.

"Mtoto atasoma hii namna gani? Hiyo *a* imevaa kofia. Sisi tunawafundisha *a* ya duara na kijiti."

Nikaanza kubadilisha fonti, moja baada ya nyingine, mpaka tukafika kwenye moja iliyofanana na mwandiko wa kalamu nene. Herufi *a* yake ilikuwa duara na kijiti. Herufi hazikusimama kama askari kwenye gwaride. Moja ilipanda kidogo, nyingine ikainama, na bado neno lilisomeka vizuri.

Waya akasogeza kiti. "Nani aliandika?"

"Hakuna mtu, waya. Ni kompyuta."

"Kuna mtu. Tazama mkia wa hii *y*. Alichoka, akauachilia."

Nilitazama, nikaona ni kweli. Mahali fulani mtu aliuchora mkia ule kwa mkono wake.

Nikamsogezea kibodi. Kwa kidole cha kushoto, polepole, akaandika: *Karibuni darasani*. Nikaichapisha. Aliishika ile karatasi kwa muda mrefu, nami nikajifanya natafuta wino.

Tangu hapo akawa anakuja kuandika mabango ya shule yake ya zamani: siku za wiki, matunda, *nawa mikono*. Mimi nami niliipenda fonti ile kupita kiasi. Familia moja ilipoleta kazi ya ratiba ya mazishi, nikaitumia. Waya alishtuka.

"Aa, hapana! Mzee wa watu amelala, wewe unamwandikia kama anaenda pikiniki? Hii ni ya kuchekea na watoto. Toa."

Nikaitoa, nikaweka yenye heshima, na familia ikaridhika.

Siku ya kuhitimu nilimpeleka Ndhiwa. Mwalimu aliyerithi darasa lake aliona kadi tulizochapisha kwa fonti ile, akamkimbilia.

"Mwalimu, mkono umepona?"

"Bado," waya akajibu, "lakini umepata msaidizi."

Kando yetu msichana mdogo mwenye joho la karatasi alikuwa akipitisha kidole juu ya jina lake kwenye kadi, herufi kwa herufi, akilisoma kwa sauti. Alipofika mwisho akaanza tena. Waya akainama taratibu, akawa anasoma pamoja naye.